Msiving'oe vihisi vya udongo: barua ya wazi kwa wanaosimamia hali ya hewa, maji na kilimo

Waheshimiwa,

Kuna hoja inayorudi kila msimu wa bajeti, na safari hii imefika mahali pa kunitia hofu. Hoja yenyewe ni hii: setilaiti sasa zinapima unyevu wa udongo dunia nzima, kompyuta zimefundishwa kujaza mapengo, kwa hiyo hakuna haja ya kuendelea kugharamia vituo vya ardhini vyenye betri zinazokufa na nyaya zinazotafunwa na panya. Anayeitoa huwa na ramani nzuri mkononi, kahawia palipokauka na buluu palipolowa, na ukiitazama ramani hiyo ni rahisi kukubaliana naye.

Mimi hutengeneza ramani za namna hiyo. Ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilibeba chepe, mifuko ya sampuli na mizani kutoka kituo hadi kituo. Ninawaandikia kwa sababu najua ramani ile imesimama juu ya nini, na ninawaomba msiving'oe vihisi vile, yaani vifaa vilivyozikwa kwenye vituo hivyo kupima unyevu. Mkiving'oa, ramani haitafutika kwenye kioo. Itaendelea kutoka kila asubuhi na rangi zake zilezile, na hatakuwapo mtu wa kujua imeanza kudanganya lini.

Nianze na setilaiti zenyewe, maana zinasifiwa kwa jambo zisilolifanya. Hakuna chombo angani kinachoyaona maji ndani ya udongo. Setilaiti ya SMOS ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa Novemba 2009, na ile ya SMAP ya NASA, iliyorushwa tarehe 31 Januari 2015, husikiliza mawimbi hafifu ya redio ambayo ardhi huyatoa yenyewe kwa kuwa ina joto, kwenye masafa ya takriban gigahezi 1.4. Maji huathiri mawimbi hayo kwa nguvu kuliko mchanga au mawe: sifa ya kiumeme inayohusika hapa ni karibu 80 kwa maji, na karibu 4 tu kwa udongo mkavu. Ndiyo maana udongo uliolowa hutoa mawimbi hafifu kuliko uliokauka hata kama joto lao ni sawa. Antena ya SMAP, yenye upana wa mita 6, huipokea tofauti hiyo ikiwa kilomita 685 juu ya ardhi. Kinachofuata ni hesabu. Ondoa athari ya joto la ardhi. Ondoa mimea, kwa sababu majani nayo yana maji. Ondoa mabonge na mifereji ya uso wa shamba. Zingatia kiasi cha mfinyanzi. Kinachobaki ndicho kinachoitwa unyevu wa udongo, na kila hatua kati ya hizo ni makadirio. Penye msitu mnene hesabu hiyo hukaribia kushindwa kabisa, na penye udongo ulioganda kwa baridi haifanyiki.

Hata inapofanikiwa, eneo la ardhi linaloingia kwenye kipimo kimoja lina upana wa kilomita 40 hivi. Humo mna mabonde, vilima, mashamba yaliyomwagiliwa jana na malisho yasiyopata tone kwa wiki kadhaa, na vyote hupewa namba moja. Kina chake ni sentimita 5 za juu, ilhali mizizi ya mazao mengi hutafuta maji chini zaidi ya hapo.

Sisemi haya kuzibeza. Hizi ni kazi za uhandisi ninazoziheshimu sana. SMAP iliwekewa lengo kwamba kosa lake lisizidi mita za ujazo 0.04 za maji katika kila mita moja ya ujazo ya udongo, na katika maeneo yaliyochaguliwa kuihakiki imelifikia. Lakini tunajuaje kwamba imelifikia? Kwa sababu katika maeneo hayo kuna vihisi vilivyozikwa, vingi vya kutosha kutoa wastani wa eneo zima, na kuna watu wanaovitunza. Sifa yote ya SMAP mnayosomewa kwenye vikao ilitoka chini ya ardhi.

Tena setilaiti hufa. SMAP ilipaa na vyombo viwili, kipokezi cha mawimbi na rada iliyokusudiwa kuipa ramani undani zaidi. Rada ilinyamaza tarehe 7 Julai 2015, baada ya takriban miezi mitatu ya kazi. Watafiti wakaazima macho ya rada za setilaiti pacha za Sentinel-1 za Ulaya, na Sentinel-1B nayo ikaacha kutuma data Desemba 2021, ikamwachia pacha wake kazi yote hadi Sentinel-1C iliporushwa Desemba 2024. Kumbukumbu ndefu ya unyevu wa udongo tuliyo nayo, inayoanzia 1978, imeshonwa kwa vipande vya vyombo vingi vyenye antena, masafa na umri tofauti. Anayeshona vipande hivyo anahitaji kujua kama badiliko analoliona kati ya chombo kimoja na kingine limetoka ardhini au limetoka kwenye chombo. Kituo kilichobaki mahali pamoja kwa miaka 20 ndicho kinachomjibu.

Ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na mifano, uliingia hapa, na umeingia kwa haki. Namba moja kwa kilomita 40 haimsaidii anayeamua kufungulia maji shambani. Kwa hiyo tunachukua kila kinachojulikana kwa undani zaidi: picha za rada, kiwango cha ukijani wa mimea, joto la uso wa ardhi, mvua ya siku zilizopita, mwinuko, mteremko, aina ya udongo. Tunavipa mashine pamoja na vipimo vya vituo vya ardhini, tukiiambia: siku ambayo vyote hivi vilikuwa hivi, kihisi kilisoma hivi. Baada ya mifano maelfu kwa maelfu mashine hugundua uhusiano ambao mimi nisingeweza kuuandika kwa mlinganyo. Kisha tunaipeleka mahali pasipo na kituo na kuiuliza: hapa je? Inafanya kazi, na mara nyingine inanishangaza. Ila mwone nani ni mwalimu katika darasa hili. Setilaiti hutoa swali. Jibu sahihi hutolewa na kihisi kilichozikwa. Na hata ramani ya aina za udongo tunayoitumia, kama ile ya SoilGrids yenye undani wa mita 250, yenyewe ni makadirio ya mashine iliyofundishwa kwa mashimo yaliyochimbwa na watu.

Niwasimulie kosa letu, kwa sababu naamini linarudiwa sasa hivi kwenye ofisi nyingi.

Tulikuwa na vituo vichache vilivyopima kila saa kwa miaka kadhaa. Tukazichanganya saa zote kama karata, tukatenga sehemu nne kati ya tano za kuifundishia mashine na sehemu moja ya kuipima. Matokeo yalikuwa ya kupendeza mno. Mchoro wa makadirio dhidi ya vipimo ulikuwa mstari mwembamba ulionyooka. Wakuu wetu waliuonyesha kwenye mikutano, na mimi nilijivuna. Kisha mwenzetu mmoja, mtu wa maneno machache, akauliza kama tumewahi kukificha kituo kimoja kizima, mashine isikione kabisa, halafu tuiulize habari zake. Hatukuwahi.

Tulipofanya hivyo, mstari ulivunjika. Kwenye vituo viwili makadirio yetu hayakuwa bora kuliko kusema tu wastani wa msimu. Sababu ilikuwa wazi tulipoacha kuona haya na kuitazama. Unyevu wa udongo hubadilika polepole. Wa saa nne hautofautiani sana na wa saa tatu na wa saa tano. Tulipozichanganya saa, tuliipa mashine majibu ya pande zote mbili kisha tukaitahini kwa jibu la katikati. Kibaya zaidi, mwinuko, mteremko na kiasi cha mfinyanzi havibadiliki kwenye kituo, kwa hiyo mashine ilivigeuza kuwa jina la kituo. Haikujifunza mteremko unaifanyia nini mvua. Ilijifunza kwamba ukiona mwinuko huu, uko kwenye kile kituo cha tatu, na kituo cha tatu huwa na unyevu kiasi fulani. Ilikariri.

Kituo kilichotuangusha vibaya kuliko vyote kilikuwa kwenye mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa kiangazi. Mvua ya kwanza huingia kwenye nyufa na kushuka chini huku uso ukibaki karibu mkavu. Baadaye udongo huvimba, nyufa hufunga, na maji husimama juu. Vituo vingine vyote vilikuwa kwenye udongo wa kichanga au tifutifu. Mashine haikuwa imewahi kuona udongo wenye tabia hiyo, na haikutuambia kwamba haijui. Ilitoa namba kwa utulivu uleule inaotoa namba popote pengine.

Hili ndilo ninaloomba mlikumbuke mtakapoletewa mkataba wa kutia saini. Muulizeni muuzaji wa ramani: mliificha mashine vituo vizima, au mlichanganya saa? Mliificha miaka mizima, ukiwemo mwaka wa ukame? Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili hajajaribu kazi yake.

Na kosa la aina hii lina mtu wa kulilipa. Chukueni unyevu wa asilimia 20 kwa ujazo. Kwenye mchanga hiyo ni nyingi, zaidi ya kile mchanga unachoweza kukishika baada ya maji ya ziada kuchuja. Kwenye mfinyanzi mzito mmea unaweza kuwa umeshaanza kunyauka kwa asilimia hiyohiyo, kwa sababu mfinyanzi huyang'ang'ania maji na mizizi haiwezi kuyavuta. Namba ni moja, rangi kwenye ramani ni moja, na katika shamba moja mazao yamesimama, katika jingine yamelala. Siku hizi ziko bima za mazao zinazolipa kwa kufuata kielelezo cha setilaiti bila mtu kufika shambani. Mkulima wa mfinyanzi ambaye ramani inasema shamba lake ni buluu hana pa kulalamikia. Akisema mahindi yamekauka anaambiwa data haionyeshi hivyo. Kituo kimoja kwenye udongo kama wake kingekuwa shahidi wake.

Najua mtajibiwa kwamba kituo ni nukta. Kihisi kinapima udongo unaojaa kikombe, setilaiti inapima eneo lenye upana wa kilomita makumi, basi nukta itaihukumu vipi nchi? Hoja hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini imeshafanyiwa kazi. Vituo hupangwa kwa makundi ndani ya eneo moja ili kupata wastani. Kuna hesabu inayolinganisha vyanzo vitatu vinavyojitegemea, kwa mfano setilaiti, modeli ya hali ya hewa na vihisi, na kukadiria kosa la kila kimoja bila kudai kwamba kimojawapo ndicho ukweli. Na kuna vipima vya nyutroni vinavyosimama juu ya ardhi, vikihesabu nyutroni zinazotokana na miale ya anga za mbali. Haidrojeni iliyo kwenye maji huzipunguza kasi nyutroni hizo, kwa hiyo udongo ukilowa hesabu hupungua, na kifaa kimoja hukusanya habari za eneo lenye nusu kipenyo cha mita mia na zaidi bila kuchimba. Kama nukta ni ndogo mno, dawa yake ni nukta nyingi zaidi na vipima vipana zaidi. Sijawahi kuelewa jinsi hoja ya udogo wa nukta inavyogeuzwa kuwa sababu ya kubaki bila nukta yoyote.

Sasa kuhusu vituo. Nakiri hali yake, kwa kuwa nimevitembelea. Vingi viko hoi. Kihisi huzikwa haraka na kuachiwa pengo la hewa kando yake, kikasoma ukavu usiokuwepo. Chumvi ya udongo hukifanya kisome maji mengi kuliko yaliyopo. Jembe la trekta hukata waya. Nimeona kituo kilichowekwa kwenye nyasi za ofisi kwa sababu pana uzio na mlinzi, nyasi ambazo humwagiliwa kila jioni. Data zake zilionyesha nchi isiyojua kiangazi, na zilitumwa kwa uaminifu kwa miaka. Kituo kama hicho kinaifundisha mashine uongo, na ningekuwa wa kwanza kuomba kihamishwe.

Lakini ubovu huu hautokani na uzee wa teknolojia. Unatokana na kukosa mtu. Fedha za kununua vifaa hupatikana na sherehe ya uzinduzi hufanyika. Fedha za kumtuma fundi mara nne kwa mwaka na chepe na mifuko hazipatikani. Kazi ya fundi huyo ni ya kawaida sana. Anachota udongo wa ujazo unaojulikana kando ya kihisi, anaupima ukiwa mbichi, anauweka kwenye tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa 24, anaupima tena. Tofauti ya uzito ni maji. Hakuna leseni ya programu, na mpaka leo hicho ndicho kipimo ambacho vingine vyote hurejeshwa kwake. Hata mlinganyo maarufu wa mtafiti Topp na wenzake wa mwaka 1980, unaotumika duniani kote kugeuza kipimo cha umeme kuwa kiasi cha maji, ulitokana na sampuli za udongo zilizopimwa maabara.

Kisha kuna data zenyewe. Mtandao wa Kimataifa wa Unyevu wa Udongo, unaojulikana kwa kifupi kama ISMN, hukusanya vipimo vya mitandao mbalimbali na kuvitoa bure, na modeli nyingi mnazouziwa zimefundishwa hapo. Vituo vyake vingi viko Amerika Kaskazini na Ulaya. Afrika vipo vichache, kama vile vya Dahra nchini Senegali na vile vya mtandao wa utafiti wa AMMA-CATCH katika Benin, Niger na Mali. Mashine inayosoma darasa hilo inaujua udongo wa kanda za baridi kwa undani, kisha inapelekwa kukadiria udongo mwekundu wa tropiki na mfinyanzi unaopasuka. Wakati huohuo kuna vipimo vya miaka mingi vilivyofungiwa kwenye kabati na diski za idara, vikisubiri kibali ambacho hakuna anayejua ni nani mwenye mamlaka ya kukitoa. Vitoeni. Hata vyenye kasoro, mradi kasoro ziandikwe pembeni. Udongo usiokuwemo kwenye data ni udongo ambao mashine itauotea, na gharama ya kuotea hubebwa na anayeulima.

Jambo moja nalitaja kwa ufupi kwa kuwa linahitaji mzungumze na wenzenu wa mawasiliano. Masafa ya megahezi 1400 hadi 1427 yametengwa kimataifa kwa ajili ya kusikiliza tu, na hakuna anayeruhusiwa kurusha humo. SMOS ilipoanza kazi ilikuta mitambo mingi inayovuja au kurusha ndani ya masafa hayo, na juu ya maeneo hayo vipimo viliharibika. Mitambo mingi imezimwa baada ya serikali kuandikiwa. Iliyobaki izimwe.

Ninachowaomba kuhusu vituo hakihitaji mniamini mimi. Mnayo orodha ya vituo vinavyopangwa kufungwa. Viacheni vifanye kazi mwaka mmoja zaidi, msimu wa mvua na wa kiangazi, na vipimo vyake visipewe mashine wala muuzaji wa ramani. Kila wiki ramani itoe makadirio yake kwa kila kimoja cha vituo hivyo na yahifadhiwe mahali ambapo hayawezi kubadilishwa baadaye. Mwisho wa mwaka fungueni vyote viwili na mviweke hadharani pamoja, kituo kwa kituo, na aina ya udongo wa kila kituo ikiwa imeandikwa. Kama ramani itakuwa imepatia kwenye mchanga, kwenye tifutifu na kwenye mfinyanzi, nitaiondoa hoja yangu mbele yenu kwa maandishi.

Sampuli za kuhakiki vihisi katika mwaka huo tutazichimba mimi na wenzangu. Mizani na tanuri tunavyo. Tunachohitaji ni orodha ya vituo, ruhusa ya kuingia, na amri ya kung'oa isitiwe saini kabla hatujamaliza.

Wenu,
mtengenezaji wa ramani za unyevu wa udongo